Vidonge Viwili Kabla ya Kisu

Wiki tatu zilizopita tulimzika Shangazi Vero, na pale makaburini, mbele ya watu wa mtaa wetu wa Makanyagio na wengine waliokuja kwa bodaboda kutoka Magamba, katekista alikisimulia tena kile kisa. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa akili nyingi ingawa darasa hakulikalia. Alisema mnamwona Stela huyu hapa, mzima, amenenepa (watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani), basi Stela huyu angefia juu ya meza ya upasuaji kama si shangazi yake kumnyang'anya vidonge mkononi asubuhi ile. Wote wakageuka kunitazama. Nami nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, ni kweli. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo hainiachi hata nikiwa nachambua mchele. Kusema kweli nina hasira kwa miaka kumi na saba, ila siku hiyo ilipata nguvu mpya, na ndiyo inayoniandikisha. Sitaandika habari za ukoo wetu, nani kamzaa nani na nani alitoka wapi akafika Mpanda. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliopasuliwa kifua nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na nataka kuuandika kama ulivyokuwa na si kama unavyosimuliwa.

Mwaka huo ulianzia chumbani kwa Shangazi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na haikuwa na dari. Kuta ziliishia juu kidogo ya milango, na kutoka hapo ni mbao na bati, kwa hiyo neno likisemwa sebuleni lilifika chumbani halijapungua kitu. Tulilala mimi na yeye, vitanda viwili, katikati stuli, na juu ya stuli kopo la maziwa ya unga. Kopo lile lilijulikana mtaa mzima. Shangazi hakuwahi kumaliza dozi hata siku moja. Akipewa vidonge vya siku tano alimeza vya siku mbili, akiona nafuu vilivyobaki anavitia kopo kwa ajili ya mwingine. Jirani angekuja akasimama mlangoni, "Mama Vero, kichwa," naye angemimina vidonge kitandani, avichambue kwa kidole kama anachambua choroko, amkabidhi viwili. "Kula sasa hivi ukiwa unaumwa," angesema, "usikae navyo." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya dawa. Ukiumwa unakula, usipoumwa unaweka. Hakuna aliyeona kosa. Hata mimi sikuona, nami ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne. Watu walimpenda kwa lile kopo, na nadhani walikuwa na haki ya kumpenda, maana alitoa bila kinyongo na bila kuchagua mtu.

Moyo wangu ulikuwa umechoka. Kutoka Makanyagio kwenda sokoni nilikuwa natua mara tatu, na wauza mchicha walishazoea kunisogezea ndoo nikae. Madaktari walisema valvu moja imeharibika, na kwamba mara nyingi huanza utotoni, kwa homa za koo ambazo hazikutibiwa mpaka mwisho. Sitaki kulitaja kopo hapo. Nimeshalifikiria sana na sitaki. Tulipopata nafasi kwenye hospitali ya rufaa ya mbali tulipanda treni, Shangazi na mfuko wa migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwetu, na unga wa nyumbani, maana hakuamini kwamba huko tuendako kuna unga wa kuaminika. Njia nzima aliwaeleza abiria habari za moyo wangu. Alieleza vizuri kuliko daktari. Mzee mmoja alimuuliza kama haogopi, akajibu, "Naogopa, lakini mimi nipo macho." Nilijisikia salama sana niliposikia vile, na hilo nalo naliandika, kwa sababu lilikuwa kweli.

Wodini kitanda cha jirani alikuwa Mama Tausi, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Karema, mwanamke mpana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupayuka ufukweni. Naye alikuwa na shida ya valvu. Alifurahi kupata watu wa mkoa mmoja, na kwa siku tatu tulikula pamoja, ugali wa Shangazi na dagaa wake, tukisema vibaya chakula cha hospitali. Yeye alipasuliwa siku moja kabla yangu. Jioni ya kuamkia siku yangu walikuja kunining'inizia karatasi kwenye chuma cha kitanda, na nesi wa zamu ile alimweleza Shangazi kwa kirefu: asile chochote, asinywe chochote, akila anaweza kutapika akiwa amelazwa usingizi, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Shangazi aliuliza hata mate. Nesi akacheka akasema mate ruksa. Shangazi hakucheka. Kabla ya kwenda kulala kule wanakolala ndugu wa wagonjwa alichukua chupa yangu ya maji akaondoka nayo.

Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kuona wagonjwa, alikuwa wa kwanza kuingia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kanga yake bado ina baridi ya nje. Akaja nesi mwingine, mgeni kwetu, na sinia. "Stela wa Mpanda? Meza hizi, funda moja tu la maji. Za maumivu." Akanitilia kiganjani vidonge viwili vya kapsuli, njano upande mmoja na nyeupe upande wa pili, akaweka kikombe cha plastiki kidogo sana juu ya kabati. Mtu akamwita kutoka mwisho wa wodi. Akaweka alama ya vema kwenye faili langu, hivyo hivyo amesimama, kabla sijapeleka mkono mdomoni, akaenda.

"Za maumivu gani?" Shangazi aliuuliza mgongo wa nesi. Kisha akanigeukia mimi. "Unaumwa?"

"Siumwi, Shangazi."

"Sasa?"

"Amesema nimeze."

"Jana wamesema usile usinywe, tena na karatasi wakaweka. Leo huyu anakuletea vidonge na maji. Wanaonaga kazi mchezo hawa! Huyu hajui alichosema mwenzake. Ukifa humo ndani watasema nini? Watasema pole." Akanyoosha mkono. "Lete. Ukianza kuumwa nitakupa mwenyewe."

Nimeurudia muda ule mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilikuwa na vidonge kiganjani. Nilikuwa na mdomo wa kuuliza, na nesi alikuwa vitanda sita kutoka kwangu, namwona mgongo. Nilihisi, sijui kwa nini, kwamba nesi ndiye yuko sahihi. Na bado nilimpa Shangazi vile vidonge, tena kwa mikono miwili, nimeinama kidogo, kama nilivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu. Akavifunga kwenye pindo la kanga, akalimwaga lile funda la maji kwenye beseni, akanipangusa uso. Alikuwa ameridhika, na walipokuja kunichukua kwa kitanda cha magurudumu alinisindikiza hadi kwenye milango akiimba kwa sauti ya chini.

Sasa niandike maumivu, na nitayaandika kwa kifupi kwa sababu anayeyajua anayajua. Wanaukata mfupa wa kifua kwa msumeno, wakimaliza wanaufunga kwa waya. Nilipoamka na ule mpira wa kupumulia ukatolewa, pumzi ya kwanza niliyoivuta mwenyewe niliijutia. Walinichoma sindano, ikashika, ikaachia kabla ya muda wake, nikaomba nyingine, wakasema bado. Walinipa mto niukumbatie nikohoe, maana usipokohoa makohozi yanajaa mapafuni. Sikuweza. Nilikuwa naanza kukohoa, mfupa unaniambia usithubutu, naacha. Nesi wa zamu, msichana ambaye hakuwa na ubaya wowote, alifungua faili akanionyesha ile vema. "Dada, umepewa dawa hata kabla ya operesheni, imeandikwa hapa. Umepewa sawa na mwenzako wa Karema, na mwenzako jana kanywa uji amekaa. Jikaze." Na Shangazi alikuwa nje ya mlango wa kile chumba cha wagonjwa mahututi siku zote, hawamruhusu kuingia, amesimama na kanga yake. Baadaye niliambiwa aliwasumbua sana walinzi. Alikuwa anawaambia, mwanangu anaumwa, dawa yake ninayo mimi hapa. Walidhani ni mwanamke wa kijijini mwenye miti shamba, wakamrudisha kwenye benchi. Siku ya tatu nikapata nimonia. Nilikaa mle ndani siku tisa, wakati Mama Tausi alikaa mbili.

Niliporudishwa wodini Mama Tausi alikuwa anajiandaa kuondoka, anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo kidogo, mikono imeinuliwa juu. Nilimtazama ile mikono. Mimi yangu ilikuwa haipandi hata kujikuna shavu. Nikamwuliza kama alimeza vile vidonge vya asubuhi.

"Vya njano? Nilibugia."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza, mimi nakula tu kama kuku? Nilimwambia yule nesi, mbona siumwi, na jana nyie si mmenikataza maji? Akasema, mama, funda moja halina neno, na hii dawa inawahi. Kisu kikiingia kinaikuta ipo mwilini. Ukingoja uumwe kwanza, inakuja kufukuza mtu ambaye ameshaingia ndani akakaa." Akanitazama. "Kwani wewe hukumeza?"

"Nilimeza," nikasema.

Ni swali moja tu alilouliza yule mama. Halikumchukua hata dakika. Nilimchukia, niseme wazi, kwa kuwa na ule mdomo mpana nilioucheka siku tatu nzima, na nilimchukia nesi kwa ile vema, na nilimchukia Shangazi aliyekuwa amekaa pale pale ananimenyea chungwa, hasikii au anajifanya hasikii. Na nilidanganya. Nilidanganya ili asiaibike mbele ya mtu wa Karema, na hilo nalo lilikuwa heshima, nami nimechoka na heshima za namna hiyo.

Tulirudi Mpanda mvua zikiwa zinamalizika. Miezi iliyofuata nililala chali, kwenye kile kitanda, natazama bati. Kovu lilikuwa halitaki kuguswa hata na kanga. Upande wa kushoto ulikuwa unawaka moto bila sababu, wakati mwingine kwa kucheka tu, na ilikuwa hivyo mpaka mahindi yakavunwa na watu wakaanza tena kutayarisha mashamba. Wageni walikuja kila siku, na Shangazi aliwakaribisha sebuleni kwa chai na karanga, na kwa kuwa nyumba haina dari nilisikia kila kitu. Kwanza niliusikia mwanzo mwanzo wa kile kisa, bado haujakaa sawa. Alisema kulikuwa na mvurugano kidogo kuhusu vidonge. Mwezi uliofuata nesi alikuwa amekosea. Kufikia Juni nesi alikuwa mlevi wa usingizi, vidonge vilikuwa vinne, na Shangazi aliniwahi kimoja kikiwa kwenye ulimi. "Ningekuwa mjinga," alikuwa anasema, "leo tungekuwa tunazungumza mengine." Wageni wanapiga makofi, "Aisee, Mama Vero!" Halafu mtu angeuliza, na mwenyewe anaendeleaje? Naye angeshusha sauti, kana kwamba kushusha sauti kunasaidia kitu mle ndani. "Mzima. Ila mwoga wa maumivu. Watoto wa siku hizi hawana uvumilivu."

Mwoga wa maumivu. Nililisikia hilo nimekumbatia mto wangu kifuani, nangoja kikohozi kipite. Kisha angeingia na sahani, wali wa mchele wa kutoka Mamba na mgebuka aliokaanga mwenyewe, miiba ameitoa yote kwa vidole, akaninyanyua kwa mkono nyuma ya shingo kwa uangalifu ambao hata wauguzi hawakuwa nao, akanilisha. Sijui nifanye nini na jambo hilo hata leo. Nilikuwa nakula na nimekasirika. Kila tonge.

Mwisho wa mwaka nilirudi kule hospitali kupimwa, peke yangu, na nikamwambia daktari ukweli. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Aliweka kalamu chini. Alisema mishipa ya fahamu ikiumizwa bila kuandaliwa inaweza kujifunza kulia, na ikishajifunza inaendelea kulia hata jeraha likipona, na ndiyo maana wanawahi kutoa ile dawa. Nikamwuliza, ningemeza nisingeumia? Akasema ningeumia, lakini labda nusu tu ya vile nilivyoumia, labda ningekohoa, labda nimonia isingekuja. Wengine inawasaidia sana, wengine siyo sana. Hawezi kuniapia. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi lile lile alilokuwa amekaa Shangazi, na neno lililonikaba lilikuwa ni hilo la labda. Angesema hakika, ningekuwa na hasira safi. Angesema haikuwa na tofauti, ningesamehe siku ile ile nikaenda kununua soda. Aliniachia labda, nami nimetembea nayo.

Nilifika Makanyagio nimeshapanga maneno. Shangazi alikuwa ameweka chakula mezani. Nikasema, "Shangazi, kuna jambo daktari amesema kuhusu vile vidonge." Akaacha kunawa. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona ameogopa, mwanamke yule aliyewafokea walinzi. Hapo hapo pazia likafunuka, jirani akaingia na mgeni wake wa kutoka mbali, "Mama Vero, hebu mweleze huyu habari ya mwanao." Shangazi akanitazama. Alikuwa anangoja mimi niseme. Nikasogeza kiti nikampisha mgeni. Naye akaanza, kidogo kidogo mwanzoni, halafu kwa sauti yake yote, na mimi nikala. Mwaka ule uliishia hapo. Januari nikapata kazi ya dukani, nikapanga chumba changu, nikawa mtu wa kuja Jumapili.

Mwaka huu Shangazi aliugua saratani, imeshasambaa, na hospitali ikaturudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maji, chungu sana, ya maumivu makali. Nikahamia tena kwenye kile chumba, stuli ile ile, kopo lile lile. Maelekezo yalikuwa wazi, na safari hii niliuliza mpaka nesi akachoka: kila baada ya saa nne, anaumwa haumwi. Na kila baada ya saa nne tulikuwa na vita. "Sijaumwa bado." "Shangazi, ndiyo maana unakunywa." "Weka, nikiumwa nitakwambia." Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza. Alikunywa. Saa nne zikipita, tunaanza upya.

Siku moja, saa nane mchana, akasema tena, "Weka." Nikaweka. Nilifunika chupa nikakaa kwenye kile kitanda cha pili, mikono mapajani, nikaangalia saa ya ukutani. Nilijua ninachofanya. Saa nane na nusu alianza kukunja vidole vya miguu. Saa tisa kasoro alikuwa ameuma kanga na jasho linamtoka puani, na macho yake hayatoki kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Hakuomba. Saa tisa akaitoa kanga mdomoni.

"Stela. Ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi, Shangazi. Siku tisa."

Alifumba macho. "Na mimi nawasimulia watu," akasema. Basi, hilo tu. Halafu akafungua mdomo kama mtoto, nami nikampa, nyingine ikamwagikia shingoni, na ikachukua karibu saa nzima nyingine dawa ile kuyashika maumivu niliyoyaacha yaingie. Nilimshika mkono saa nzima hiyo, na yeye hakuuondoa. Kuanzia siku ile hatukugombana tena. Ilikuwa saa ikikaribia ananiita mwenyewe, "Stela, saa imefika?", haumwi popote, anatabasamu kabisa, na mdomo ameshaufungua.

Kwa hiyo katekista aliposimulia pale makaburini, nilikuwa na uwezo wa kusimama na kusema siyo hivyo, jamani, ngojeni niwaambie habari ya vidonge viwili. Nilikuwa nimeshavuta hata pumzi. Lakini nikianza na asubuhi ile ya kwanza itabidi nifike kwenye ule mchana, saa nane hadi saa tisa, saa ya ukutani inatembea na chupa iko mkononi mwangu. Watu wote walikuwa wananitazama, wanangoja. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema ndiyo, ndiye aliyeniokoa.